Fundi wa Macho

Johannesburg, 14 Februari 2010

Mama yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku Joburg. Mimi ni mzima, mafua tu kidogo. Wewe je, na goti lako? Na jirani yetu Kidawa, ambaye najua ndiye anayekusomea haya? Kidawa, soma polepole na usiongeze ya kwako.

Nimeacha kulinda magari ya watu kwenye maduka ya Randburg. Miaka miwili ya kusimama juani na kuwapungia mkono wenye magari imetosha. Nyuma ya maduka yale kuna karakana ya mzee mmoja Mzungu, tunamwita Oom Faan, yaani Mjomba Faan. Siku moja aliniona natengeneza baiskeli ya mlinzi mwenzangu kwa bisibisi iliyovunjika, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia: kwenye cherehani ya mama yangu, iliyokuwa inaharibika kila wiki. Akacheka, akanipa tupa. Huu ni mwezi wa tatu.

Kazi yetu ni ya macho, Mama. Wazee wanakuja hawaoni vizuri, tunawawekea macho mapya, wanaondoka wameridhika. Inataka mkono mwepesi: unakwaruza kidogo, unapima, unakwaruza tena.

Halafu naona bado unasaini "Mama Régis". Najua kaka ndiye kifungua mimba wako, hata akiwa kaburini, na mtaa mzima unakuita hivyo. Lakini nimebaki mimi peke yangu. Siku moja ningependa kuona jina langu pale chini. Nakutania tu.

Mwanao,
Égide


Buyenzi, Bujumbura, 2 Mei 2010

Mwanangu Égide,

Amani ya Bwana iwe nawe. Évariste wa mabasi, mbeba barua wetu, alifika salama na barua yako, ingawa basi lao lililala siku mbili mpakani. Goti limepoa. Anayeandika ni Kidawa, maneno ni yangu.

Alipofika kwenye habari ya macho alipiga kigelegele, na kabla ya magharibi avenyu nzima ilijua kwamba mwana wa Mama Régis ni fundi wa miwani Afrika Kusini. Watu watatu wameshaniletea miwani iliyovunjika. Nimewaambia wangoje.

Mimi nimefurahi kuliko wao wote. Unakumbuka nilichoapa siku tuliyomzika kaka yako na ile risasi mwilini, watu wakisikia: mtu aliyeshika bunduki asiniite mama tena. Nilisikia walinzi wa huko wanapewa bunduki, nikawa silali bila kuliombea hilo. Sasa Mungu amekupa kazi ya kuponya.

Na mimi niponye basi. Uzi haupati tena tundu la sindano. Miwani ya sokoni inaniumiza kichwa. Suruali ya mwalimu nimeishona mguu mmoja mfupi, akaivaa hivyo hivyo kwa heshima. Hata jina langu siwezi kuandika. Ikiendelea hivi nitaiuza cherehani, nami sijui kazi nyingine.

Saini usinitanie. Régis alikufa kabla hajapata mtoto. Jina lake linakaa kwangu tu.

Mama Régis


Johannesburg, 9 Agosti 2010

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku ni baridi, maji ya ndoo asubuhi yana ganda la barafu. Usiuze cherehani.

Kuna mwalimu mstaafu, mteja wetu, mwenye shida kama yako: cha mbali anakiona, cha karibu kinakuwa ukungu. Oom Faan amenionyesha dawa yake. Kidawa akate kipande cha jalada la daftari, atoboe tundu moja kwa sindano, dogo sana. Kaa mlangoni kwenye mwanga, kishike kipande hicho karibu kabisa na jicho. Usilitazame tundu. Itazame sindano, jicho litajiweka katikati lenyewe. Utaona.

Hospitali uende vilevile, wakuchunguze. Na wale wenye miwani waambie nina kazi nyingi.

Mwanao,
Égide


Buyenzi, 21 Oktoba 2010

Mwanangu Égide,

Amani ya Bwana. Mimi ni mzima, tena kuliko mwaka jana.

Nilipoweka kile kikaratasi jichoni nilidhani Kidawa ananichezea. Kisha nikaona tundu la sindano, Égide, na nyuzi zote tatu za uzi zilivyosokotwa. Nimetunga uzi kwa jaribio la kwanza, bila kulamba. Nimekifunga kwa waya kwenye miwani mibovu ya Kidawa. Watoto wananicheka, lakini suruali zina miguu sawa. Hospitali wamesema ni uzee, si ugonjwa.

Padri ameona. Anataka Jumapili ya kwanza ya Januari tutoe shukrani mbele ya kanisa lote, nami nisimame nieleze. Nitajie basi jina kamili la huyo Oom wako, na la huyo mwalimu, niwaombee. Na huyo mwalimu, kwa tundu lake, anapenda kusoma nini?

Mama Régis


Johannesburg, 18 Novemba 2010

Mama,

Naomba nikuite hivyo mpaka mwisho wa karatasi hii. Kidawa akuletee kiti, kisha asome bila kuruka neno.

Mwalimu hasomi. Analenga. Macho tunayoweka ni ya bunduki.

Oom Faan ni fundi wa bunduki, ana kibali, na mimi nafanya kazi mbele yake. Bunduki ya mwalimu ni mpya, imeundwa Italia kwa kuiga ya Wamarekani wa zaidi ya miaka mia iliyopita. Chini yake kuna mkono wa chuma: unaushusha, unaurudisha, risasi imeingia. Jumamosi analenga vibao vya chuma uwanjani na wazee wenzake. Macho iliyokuja nayo yalikuwa ncha ya mbele na kijikato cha nyuma, na kijikato hicho kwa umri wake ni ukungu mtupu. Ndiyo maana akanunua mengine. La nyuma ni kibao chenye tundu, linasimama karibu na jicho. La mbele ni ncha ndefu zaidi.

La nyuma lilikaa kwa skrubu mbili. La mbele lilikataa kuingia kwenye mfereji uliochongwa juu ya mtutu, kwa sababu lilipimiwa bunduki ya asili na hii ni ya kuiga. Nikashika tupa nipanue mfereji. Oom Faan akanishika mkono. "Eish, Égide. Mtutu hauguswi. Kinachoingia ndicho kinachopunguzwa." Nikapunguza kitako cha jicho jipya mpaka likaingia kwa nyundo ya shaba.

Uwanjani risasi zikaenda juu, vidole vinne. Mimi ni mtoto wa mshonaji: kilichozidi hukatwa. Nikaipunguza ile ncha. Zikapanda zaidi. Ncha ya mbele huenda kinyume, ukiifupisha mtutu unainuka, na chuma kilichokatwa hakirudi. Tukanunua nyingine, tukaanza upya.

Hapo ndipo nilipotazama kwenye lile tundu mara ya kwanza, bunduki ikiwa begani mwangu. Kibao cha chuma kule mbali kilionekana wazi kabisa. Siwezi kukwambia kwamba nilimfikiria Régis. Nilikufikiria wewe na sindano.

Sikukosea neno nilipoandika "macho". Nilijua utasikia nini, nikaacha usikie. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia hapa. Usisimame kanisani kwa ajili yangu. Uliapa mbele ya watu, na mimi nilikuwapo.

Égide


Johannesburg, 30 Juni 2011

Salamu kwako,

Mimi ni mzima. Évariste amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema barua uliipokea, ukaiweka chini ya cherehani, ukamuuliza habari za barabara. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Ukiniambia niache kazi nitaacha, nitarudi kulinda magari. Neno moja linatosha. Hata la matusi.

Égide


Buyenzi, 11 Machi 2012

Égide mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima, goti limerudi. Mwandiko huu mbaya ni wangu. Nimeandika siku nne, mlangoni, kwa lile tundu lako, kwa sababu maneno haya sikutaka yapite mkononi mwa mtu. Kidawa alisoma barua yako mpaka mwisho, akaikunja, na hajamwambia yeyote. Kwa Kidawa huo ni muujiza. Padri nilimwambia naumwa.

Kikaratasi nilikitupa nyuma ya kabati. Miezi mingi sikushona, nikala kwa Kidawa. Hasira niliyokuwa nayo bado ninayo, usidhani imekwisha. Kisha mke wa mwalimu wa hapa mtaani akaleta kitambaa cha gauni la ubatizo, nikashindwa kumrudisha. Nikakivuta kikaratasi kwa fimbo ya ufagio. Baada ya gauni nikaichukua barua yako, nikaisoma mwenyewe.

Pale uliposema hukumfikiria Régis nililia siku nzima. Ungeweza kunidanganya hapo, na ningefurahi, na nisingejua kamwe. Hukunidanganya.

Umeuliza kama uache kazi. Sitakujibu. Wewe ndiye unayewaona hao wanaozichukua bunduki zikishakuwa na macho, mimi siwaoni. Kila mmoja muulize anakwenda kupiga nini, na umtazame akikujibu. Ukishindwa kumtazama, utajua la kufanya.

Kiapo changu sikigusi, kama Oom wako asivyogusa mtutu. Nimetafuta pengine pa kupunguza. Kiapo kilifunga mdomo wako, si wangu. Kwa hiyo usiniite mama. Niite Mama Régis, kama majirani, kila barua, usiache hata moja. Jina lake sasa utalishika wewe.

Évariste anarudi huku baada ya Pasaka. Mpe sindano za cherehani, namba kumi na nne. Za hapa zinavunjika.

Mama Égide