Kadi Moja, Wagombea Wawili

Jumatatu, 1 Juni

Nimegeuza kokoa mara mbili tangu asubuhi. Jua halina msimamo mwezi huu. Linatoka, linajificha, na kokoa inakaa mkekani ikinuka siki. Harufu imeingia hadi kwenye mashuka.

Mchana tawini. Fomu zimefika. Kila anayetaka chama chetu kimsimamishe kugombea urais anatafuta wanachama wa kumdhamini: jina, namba ya kadi, saini. Kanuni nimewasomea mimi, maana ndimi katibu wa tawi hapa Bondeni, Kyela. Mwanachama mmoja, mgombea mmoja. Nimeirudia mara tatu kwa ajili ya wasinziaji. Kisha nikasaini wa kwanza kabisa, fomu ya Mhandisi.

Mhandisi ndiye mtu wangu. Analinda mnada wa kokoa wa ushirika. Kabla ya mnada wanunuzi walikuja kununua kokoa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kuchekesha, na sisi tukashukuru, ndaga, ndaga, kama tumepewa zawadi. Profesa, mpinzani wake, anataka kuwarudisha. Anaita soko huru. Huru kwa nani? Na wapo wanaompigia makofi. Watu wepesi wa kusahau wananiudhi.

Mwezi ujao naenda Dodoma, mkutano mkuu. Mjumbe. Kura yangu itakuwa ya Mhandisi. Sina swali.

Jumatano, 3 Juni

Mnada. Bei imeshuka. Mara ya tatu mfululizo.

Mwenyekiti wa ushirika anasema ni soko la dunia. Soko la dunia linakaa wapi? Mbona lilipopanda alisema ni juhudi zake?

Kina mama wakanigeukia mimi, mtu wa mnada. Nikautetea. Nikasikia sauti yangu inakuwa ndogo. Mmoja akaniuliza, kama mnada unashusha na mnunuzi wa mtini anashusha, tofauti iko wapi. Nilimjibu maneno mengi. Sasa hivi siyakumbuki hata moja.

Ijumaa, 5 Juni

Nimefanya jambo la ajabu. Niandike upesi kabla sijajidanganya.

Saa sita mchana baba mkwe alikuja. Asajile, mume wangu, alikuwa shambani. Mzee alikohoa langoni kama kawaida, nami nikaingia ndani kama kawaida. Miaka ishirini na miwili katika ndoa hii sijawahi kumtazama usoni wala kumjibu neno. Ndivyo tulivyolelewa, mkwe mwanamke na baba mkwe hawakutani. Njiani nikimwona nashuka majanini na kugeuka. Jina lake silitamki. Hata humu siliandiki. Namjua kwa kikohozi na kandambili.

Hakuondoka. Alisogeza kigoda mlangoni, akaweka karatasi na kalamu, akarudi nyuma. Akauambia ukuta kwamba anamtafutia wadhamini Profesa kutoka Matema mpaka hapa, na kwamba amebakiza mistari michache.

Mtu mwingine yeyote ningemfukuza na karatasi yake. Kwake, hapana yangu inatokea wapi? Mdomo haupo. Kumrudishia fomu tupu ni kama kumrudishia sahani bila chakula. Nilisimama nyuma ya pazia mpaka miguu ikaniuma. Kisha nikatoa mkono, nikavuta karatasi, nikaandika jina, namba ya kadi, saini. Nikairudisha.

Akashukuru ukuta. Akaenda.

Jumamosi, 6 Juni

Sijamwambia Asajile.

Jumapili, 7 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Najiuliza jambo moja tu. Saini yangu juzi ilitoka imenyooka. Nilisaini kwa heshima, au ni kwa sababu bei ilikuwa imeshuka na moyo ulikuwa umeshahama bila kuniaga? Sielewi. Kama ni heshima, basi mimi ni mjinga. Kama si heshima, basi ni kigeugeu, mtu wa aina ile ile niliyoitukana Jumatatu.

Jioni nilijaribu kupika, nikatia chumvi mara mbili.

Alhamisi, 11 Juni

Imeonekana. Katibu wa wilaya, Bi Zuhura, aliniita ofisini. Fomu mbili mezani, kadi moja. Ni mtu wa Tanga, mpole, hana mwaka hapa kwetu. Aliniuliza kwa adabu kabisa kwa nini sikumwambia mzee hapana. Nikaeleza. Akasema baba mkwe wake yeye hula naye meza moja na hugombana naye habari za mpira. Akaandika kwenye karatasi yake "sababu za kimila", akaweka alama ya kuuliza.

Njia ni mbili. Niandike kwamba saini ya pili si yangu, na hapo nabaki mjumbe, naenda Dodoma. Lakini aliyekusanya ndiye atakayejibu. Mzee wa miaka themanini ataitwa mghushi mbele ya kamati, yeye aliyekuwa karani bandarini Itungi akiheshimika kwa mwandiko wake. Au niandike kwamba zote mbili ni zangu. Hapo namwachia mwingine Dodoma, na ukatibu pia.

Barua inatakiwa Jumanne.

Ijumaa, 12 Juni

Nimemwambia Asajile. Alicheka kwanza. Alipoona sicheki akatoka kwenda kuangalia mpunga ambao hauhitaji kuangaliwa. Yuko kati ya baba na mke. Simuonei wivu.

Akarudi akasema niikane saini, mzee atasamehewa kwa umri. Baada ya chakula akasema nisiikane. Kabla ya kulala akasema nifanye ninavyoona. Mwanaume mmoja, misimamo mitatu kwa siku. Huyu angefaa kugombea.

Jumapili, 14 Juni

Nataka kwenda Dodoma. Niseme wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Sijawahi kuchaguliwa kitu kikubwa. Nimeshashona gauni. Nilitaka kunyoosha mkono ndani ya ukumbi ule mimi, mwanamke wa kokoa, mtu aone kwamba Kyela ipo.

Lakini kura yenyewe ningempa nani sasa? Leo nimemsikiliza Profesa redioni nikitafuta kumchukia. Alieleza vizuri. Halafu akaja Mhandisi, naye akaeleza vizuri. Wote wawili hawakutaja kokoa.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeanza barua mara nne. Ya kukana nimeiandika yote, safi, mpaka sehemu inayotaka jina la aliyekusanya saini. Kalamu ikagoma. Nikaacha mstari mtupu nikaipeleka hivyo hivyo. Bi Zuhura akairudisha. Akasema dada yangu, bila jina si barua. Nikamwambia siwezi kuliandika. Akaniambia nimtajie mtu mwingine aniandikie. Nikamwambia na kulitamka pia siwezi. Nadhani alidhani namfanyia mzaha.

Jumanne, 16 Juni

Nimepeleka nyingine. Mstari mmoja: saini zote mbili ni zangu, nilizitia kwa mkono wangu, hakuna aliyenilazimisha.

Ni kweli? Sijui. Nusu ni kweli.

Nimerudi nyumbani nikageuza kokoa. Nililia kidogo, nikiwa na hasira zaidi kuliko huzuni.

Alhamisi, 18 Juni

Kamati imekaa. Sikuingia, kwa sababu mzee alikuwamo, na chumba kina mlango mmoja. Asajile alisimama koridoni akasikia yote.

Kumbe mzee hakuitwa. Alikuja mwenyewe kwa bodaboda kutoka Matema baada ya kusikia habari ya barua yangu. Alisimama mbele yao akasema kosa si la mkwe wake. Akasema: "Nilijua hawezi kunikatalia. Ndiyo maana nilikwenda saa ambayo mwanangu hayupo." Kisha akaweka kadi yake mezani, kadi ya tangu ujana, akatoka.

Nilipoambiwa nilikaa chini. Alijua. Si bahati mbaya, si uzee. Miaka ishirini na miwili nashuka majanini kwa ajili yake, kumbe heshima yangu imekuwa mtaji wake wa kampeni. Na mtu huyo huyo amepanda pikipiki kwa umri ule kuja kujivua nguo mbele ya watu ili anisafishe mimi. Nimkasirikie au nimshukuru? Nafanya vyote viwili na havikai pamoja.

Uamuzi: saini zangu zimefutwa kote. Dodoma ataenda mwenzangu wa kata ya jirani. Ukatibu nimeachishwa. Kadi ya mzee wameichukua. Fomu ya Profesa imetimia hata bila mimi.

Jumatatu, 22 Juni

Mpunga umeanza kukatwa. Mgongo unauma.

Jumamosi, 11 Julai

Leo ndiyo mkutano mkuu. Asajile alikwenda mashineni kukoboa. Sikutaka kusikiliza, lakini nikawasha redio, nikaiweka dirishani nikachambua mchele.

Saa tisa nilisikia kikohozi langoni. Hajafika hapa tangu siku ya fomu. Niliingia ndani. Alivuta kigoda akakaa nje chini ya dirisha, na mimi nikakaa sakafuni upande wa ndani. Redio ikawa juu yetu. Hesabu ya kura ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeinuka.

Ameshinda Profesa. Ukumbini walipiga vigelegele. Nilingoja mzee afurahi, ni mtu wake, kwa ajili yake amepoteza kadi, nami nimepoteza Dodoma. Nilisikia kuku tu, wanadonoa pumba miguuni pake.

Baadaye akawauliza kuku, taratibu, kama huyu atatupandishia bei ya kokoa.

Kuku hawakujibu. Nilikuwa na mchele mkononi. Sijui kilichonipata, labda uchovu. Nikawaambia kuku, kwa sauti inayofika nje: "Sijui."

Nilidhani ataondoka.

Kisha akawaambia kuku kwamba na yeye hajui.