Vikombe Juu ya Handaki

Wedding, Berlin ya Magharibi
22 Oktoba 1961

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako lisiwe limeanza ukorofi kwa baridi hii. Sisi huku hatujambo. Günter ana mafua, lakini anavyolalamika utadhani amevunjika mguu. Unawajua wanaume.

Kazi yangu kiwandani kule Kreuzberg ipo, nashukuru. Treni ya chini ya ardhi ni ile ile na njia ni ile ile. Napandia Gesundbrunnen, nateremkia Moritzplatz. Ila katikati, kwenye stesheni zenu za Mashariki, haisimami tena. Tangu waliposimamisha ukuta mwezi wa Agosti, inatangazwa stesheni ya mwisho ya upande wetu, dereva anapunguza mwendo, tunaingia gizani. Pale Rosenthaler Platz taa ni moja moja. Matangazo ya sabuni ya tangu kiangazi bado yamebandikwa ukutani, kibanda cha magazeti kimefungwa, na askari wawili wenye bunduki wanatutazama tukipita.

Hapo ndipo nakumbuka kwamba juu ya kichwa changu, ghorofa ya pili, wewe umekaa mezani. Ulikuwa ukisema vikombe vya bibi vikianza kugongana kabatini ndipo unateleka maji ya kahawa, maana Roswitha yuko njiani. Je, bado vinagongana? Jioni nikitoka kazini, vikilia, ni mimi Mama. Nakupita miguuni na ngazi siwezi kupanda. Inaniuma sana.

Nimekutumia kahawa ratili moja na chokoleti ya mdogo wangu Ekkehard.

Binti yako,
Roswitha

*

Berlin, mji mkuu
5 Novemba 1961

Mwanangu Roswitha,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie mkwe wangu anywe maziwa na asali na aache kulia, na wewe umpikie viazi mpaka viive, maana nakumbuka upishi wako. Goti langu halijambo, hofu yangu ni kwenu.

Kahawa imefika. Pakiti ilikuwa imefunguliwa ikafungwa tena, kwa uzi mzuri kuliko wako.

Vikombe vinalia, mama. Vikilia nateleka maji, ingawa najua hakuna atakayebisha hodi. Mazoea yana tabu.

Mdogo wako amepata kazi mpya, ya serikali, tena ya sare. Kule reli alikokuwa anajifunza wamemwondoa. Kazi yenyewe haina jua wala mvua. Zaidi ya hapo usiniulize, na yeye usimwandikie. Niandikie mimi, tena uniandikie mambo ya chakula na hali ya hewa.

Mama yako

*

Wedding
12 Januari 1962

Mama mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Sisi wazima, theluji imejaa mpaka madirishani. Hiyo ndiyo hali ya hewa uliyoitaka, sasa nisikilize.

Nimemwona Ekkehard! Mama, kumbe ndiyo kazi isiyo na jua! Jumatatu treni ilipunguza mwendo pale chini yako, na karibu na kibanda cha magazeti amesimama kijana mwenye koti refu na bunduki, masikio yamechomoza kwenye kofia kama ya marehemu baba. Nilijua kabla sijajua. Nikabandika kiganja kwenye kioo. Aligeuza uso upande mwingine.

Nikalia mpaka Moritzplatz. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akaniambia, “Usiwaangalie sana, dada. Na wao wanakuangalia.”

Lakini jana, Mama! Unakumbuka baba akimgombeza mezani, jinsi Ekki alivyokuwa anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kujikuna sikio la kushoto, ili mimi nicheke nigombezwe badala yake? Jana alifanya hivyo hivyo, na bunduki begani. Nilicheka peke yangu, watu wakaniona nina wazimu. Sasa kila jioni nakaa behewa la mwisho, mlango wa kwanza, ili anione vizuri.

Sikuweza kunyamaza na furaha hii. Naikimbiza barua posta sasa hivi.

Binti yako,
Roswitha

*

14 Januari 1962
Kwa mkono wa shangazi Waltraud

Mwanangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Shangazi yako, kwa kuwa anatoka Hannover, wanamruhusu kuvuka kuja kwetu, huku ninyi wa Berlin ya Magharibi mkizuiwa, na barua hii ameishona ndani ya bitana ya koti. Isome, kisha uichome.

Ekkehard yuko chini hapa, kwenye stesheni. Ameniambia unampita, na kwamba alifanya upuuzi wa sikio. Nimemgombeza. Hakuna mwenye ndugu upande wenu anayepewa zamu ile. Alipoulizwa, alisema dada yake alikufa kwenye mabomu ya vita. Wakijua uko hai, na unaishi Wedding, hawatamrudisha nyumbani. Kwa hiyo katika barua za posta usimtaje kabisa, wala stesheni, wala ulichokiona. Posta ina macho kuliko watu.

Sasa jambo lenyewe. Kijana hawezi tena. Anasema wanapangwa wawili wawili ili kila mmoja amchunge mwenzake asitoroke, na usingizi umemhama. Siku ya kuzaliwa ya baba yenu, zamu ya jioni, atakuwa na mwenzake anayependa kupanda ngazi kwenda kuvuta sigara. Treni yako ikipunguza mwendo, ufungue mlango wa behewa la mwisho. Milango hiyo inafunguka kwa mkono, unajua. Yeye atadandia. Njoo na Günter, ana nguvu.

Akiondoka sitamwona tena, na wewe sikuoni. Nimekubali. Heri nisiwaone nyote wawili, mradi mko pamoja.

Mama yako

*

Berlin, mji mkuu
29 Januari 1962

Mwanangu Roswitha,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nina wasiwasi. Tangu kadi yako ya Krismasi sijapata hata mstari mmoja. Unaumwa? Au theluji imezuia posta? Si kawaida yako kungoja Januari iishe bila kuniandikia.

Huku tumekula kabichi na viazi. Baridi ni kali.

Ekkehard hajarudi nyumbani tangu Alhamisi. Walikuja mabwana wawili, wapole sana, wakaniambia amepelekwa mafunzoni. Wakachukua mswaki wake. Wakauliza kama nina picha za familia, nikawapa, wakanishukuru.

Vikombe nimeviondoa kabatini, nimevifunga kwa magazeti.

Mama yako

*

Wedding
18 Februari 1962
Kwa mkono wa shangazi Waltraud

Mama,

Shikamoo. Sijui hata nianzeje kukuuliza hali. Barua yako ya tarehe ishirini na tisa ilichelewa, ilinifikia siku ya kuzaliwa ya baba ikiwa imeshapita. Mimi na Günter tulikwenda.

Tulikaa behewa la mwisho, mlango wa kwanza. Günter alishika kishikio cha mlango, mimi nimemshika mkanda. Treni ikapunguza mwendo. Karibu na kibanda palikuwa na mtu mmoja peke yake, mrefu, kofia imeshuka machoni. Günter akaanza kuvuta. Yule mtu akaangalia behewa letu, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akajikuna sikio la kushoto.

Hakuwa Ekki. Mama, hakuwa Ekki. Alikuwa mtu mzima mwenye masharubu, na nyuma ya kibanda niliona viatu vya watu wengine. Nikamwambia Günter aachie. Nikaweka mikono mapajani, nikatazama mbele kama mtu anayefikiria chakula cha jioni, mpaka tukatoka.

Nani alimfundisha mtu yule kujikuna hivyo? Tarehe kumi na mbili Januari nilikuandikia kwa posta. Niliandika kila kitu, sikio, kibanda, behewa. Barua yako ya kunionya ilifika yangu imeshaondoka. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini kichwa kilichoponzwa si changu. Niambie kama ile barua ilikufikia. Niambie ukweli tu. Silali.

Roswitha

*

Jumapili ya Pasaka, 22 Aprili 1962
Kwa mkono wa shangazi Waltraud

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi za Pasaka kwako na kwa Günter. Mimi mzima, goti tu. Mara ile shangazi alirudi kwako mikono mitupu, usimlaumu. Nilishika kalamu, ikashindikana.

Ekkehard amehukumiwa. Ni miaka mingi, lakini yeye bado kijana. Nimeruhusiwa kumwona mara moja, na askari ameketi katikati yetu. Amekonda. Tulizungumza habari za soksi. Walipomwinua kumrudisha, alipitisha mkono juu ya kichwa akajikuna sikio, huku ananiangalia. Nikajua salamu ile si yangu, nimetumwa tu. Ndiyo hiyo, ipokee.

Kuhusu barua yako ya Januari. Ilinifikia, mwanangu. Ilifika mapema tu, bahasha haijaguswa. Niliisoma, nikacheka kwa habari ya lile sikio, nikaitia jikoni ikateketea siku ile ile. Nilipokuandikia kwamba sijapata kitu, nilikuwa nimesahau. Ni uzee huu. Aliyemchongea ni yule mwenzake mvuta sigara, na mchezo wa sikio askari wote walikuwa wakimwona akiufanya. Kwa hiyo ulale. Hili usiniulize tena, wala usimwulize shangazi.

Günter amemwambia shangazi kwamba siku hizi unazunguka mbali, kwa basi, ili usipite chini yangu. Acha hivyo. Rudi kwenye treni yako. Kaa popote, mikono mapajani, usiangalie nje.

Vikombe nimevitoa kwenye magazeti, nimevirudisha kabatini. Jioni nakaa mezani nangoja vilie, na maji nimeshateleka.

Mama yako