Bakuli la Thelathini

Mtaa wa Shela,
Malindi.
Jumatano, 19 Agosti 1987

Mpendwa Dada Hafidha,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako na nyumba yako huko Maskati. Magoti yanaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Simu yako ya maandishi ya pole ilifika siku ya hitima, ikasomwa mbele ya watu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mimi niko kwenye eda, na mpaka Novemba nje nachungulia dirishani tu.

Nina jambo la kukiri kwako, nalo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Lakini nikianzia mwisho hutanielewa.

Unajua kwamba mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukipika chakula cha mchana cha mafundi thelathini wanaojenga hoteli kule ufuoni. Kilikwenda ndani ya vile visanduku vyeupe, vyepesi kama sponji, ambavyo mtu hula mara moja akatupa. Gharib mwenyewe ndiye aliyevileta. Aliona mikono yangu ilivyochubuka kwa kuosha vyombo, akaja siku moja na fungu zima kichwani, akasema, "Batuli, umestaafu kusugua." Fungu la mwisho bado liko stoo, limefungwa kwa lile fundo lake ambalo yeye tu alijua kulifungua.

Baada ya hitima nilirudi jikoni, kwa sababu jiko hilo ndilo linaloniweka katika nyumba hii. Karisa, aliyekuwa akifanya kazi na Gharib, akaendelea kupeleka chakula kwa mkokoteni.

Tarehe mosi mwezi huu, Muhidin alikwenda kaburini kumsomea Gharib nduguye sura ya Yasini. Akaja hapa moja kwa moja, akakaa upande wake wa pazia la eda, na kabla hajaitikia salamu yangu nikaona kisanduku kinasukumwa chini ya pazia. Kilikuwa na punje za pilau, na juu yake ile nukta ya wino ninayowatilia wasiokula pilipili. Mkono wangu mwenyewe, dada.

"Shemeji," akasema, "ndugu yangu hana hata siku arobaini, na taka za jiko lako zishamfika kichwani. Nimeokota saba."

Upepo ulivitoa kwenye mjengo ukavirusha ndani ya ukuta wa makaburi. Nililia, na upande wa pili nikamsikia naye anapenga kamasi. Kisha akasema nifunge jiko nihamie kwake, mkewe ana chumba. Mkewe unamjua. Nikamwambia eda hukaliwa katika nyumba ya mume. Akasema, "Basi ikiisha. Lakini jiko, leo."

Nikamwahidi kwamba hakitatoka kisanduku kingine katika mlango huu. Nitapakua kwenye mabakuli yanayorudi. Akauliza mabakuli ya nani. Yale ya bati niliyoletewa chakula cha matanga yalikuwa bado kwangu, kila moja na alama ya mwenyewe kwa rangi chini yake. Nilituma kuomba ruhusa nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyekataa. Muhidin akakubali kwa sharti. "Kila Alhamisi nitakuja tuhesabu. Likipotea hata moja, jiko nalifunga mwenyewe. Tusije tukasemwa tumekula chakula cha watu pamoja na vyombo vyao."

Yenye vifuniko yalikuwa ishirini na tisa. La thelathini, dada, ni lako. Lile la maua ya buluu ambamo mama alikuletea uji wa uzazi, ukaniachia nilitunze ulipoondoka. Nililitazama asubuhi nzima kabla sijalitia pilau.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Musyoka, msimamizi wa mafundi, alimwambia Karisa, "Mwambie mama hawa ni mafundi, si wake wenza, hawamwoshei mtu vyombo." Karisa akamjibu, "Basi kinga kiganja, mzee, nikupakulie mchuzi." Wakacheka, na tangu hapo wanayasuuza bombani wakisha kula. Kila alasiri mkokoteni ukirudi, nayapindua moja moja nisome alama. Wiki mbili yalitimia.

Jumamosi yakarudi ishirini na tisa. Nilijua lipi halipo kabla ya kuhesabu.

Karisa amefuatilia. Lilikuwa mkononi mwa mpaka rangi mmoja wa Rabai aitwaye Ngala, naye hajaonekana tangu siku hiyo. Musyoka anasema mtu huyo ameacha kazi, na bakuli pengine lishauzwa. Mimi siwezi kutoka nikaulize. Kesho ni Alhamisi. Leo asubuhi niliingia stoo nikalishika lile fundo la Gharib. Kisanduku hakihesabiwi, dada, hakina mwenyewe. Nilisimama pale mpaka maji yakakauka jikoni. Sikulifungua.

Naiweka kalamu chini, sina la kuongeza.

Alhamisi, kabla ya magharibi

Muhidin alikuja. Nilimwambia mwenyewe kabla hajauliza.

"La nani?"

"La dada Hafidha."

"Afadhali si la jirani," akasema, lakini sauti haikulegea. "Ila sharti ni sharti, shemeji."

Nikasema nimesikia. Sikumsihi. Nilikuwa nawaza nani atamwambia Karisa, niliposikia hodi, na Karisa mwenyewe akisema, "Mama, mtu wako huyu hapa."

Alikuwa Ngala. Alisimama barazani akaeleza huku pumzi zinampaa. Jumamosi mchana alipata habari kwamba mama yake yu mahututi. Hakula. Alifunika bakuli lake, akalifunga kwa leso, akapanda basi nalo.

"Mama alikuwa hajatia kitu kinywani siku tatu," akasema. "Pilau yako alikula vijiko vinne."

Bakuli lilikuwa limejaa mbaazi mbichi zilizomenywa. "Amenikataza nisirudi nalo tupu. Amezimenya mwenyewe, kitandani."

Muhidin alilipokea, akalipitisha kando ya pazia kwa mikono miwili, nikayaona maua ya buluu kabla ya vidole vyake.

"Thelathini," akasema. Kisha, akishainuka kwenda, "La Hafidha lipumzike. Kesho nitaleta moja la kwangu."

Sasa lipo jambo la pili la kukiri. Ngala anarudi Rabai kesho asubuhi. Amekuja kuomba ruhusa tu, kwani mama yake bado hajiwezi. Zile mbaazi nimezipika kwa nazi, laini, bila pilipili, nikazirudisha mle mle, na juu ya kifuniko nimetia nukta ya wino. Barua hii ikiingia posta, bakuli lako litakuwa tena ndani ya basi. Sikukuomba ruhusa. Likirudi, kwa kitakachokuwamo nitajua yule mama yu hali gani, na nitakuandikia.

Nisalimie shemeji, na mwanao Zuleikha, na nduguye Fumo umwambie asisahau sala. Karisa anakuamkia. Mungu akuponye magoti, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa mbali kama kwa karibu,

Batuli