Tija ya Kaka Deo

Jumatatu, 17 Novemba
Jedwali la mikoa bado halijaisha. Asubuhi nzima nimerudia safu ya mwisho: thamani ya uzalishaji wa mkoa, gawanya kwa idadi ya wanaofanya kazi, upate tija. Hesabu ya mtoto wa shule. Jibu lake ndilo gumu. Kwenye mahindi tunatamba, malori yanapishana hapa Sumbawanga kwenda kulisha watu wengine. Ukigawanya kwa vichwa, tunashuka. Dar iko juu huko, peke yake.

Bosi wangu, Bwana Mgaya, anataka slaidi ziwe tayari kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo. Wageni wa Dodoma wanakuja kupitia mpango wa bajeti. Mwishoni mwa rasimu ameongeza sentensi: wananchi wahamasishwe kujituma zaidi. Nimeisoma, nikaipita. Huwekwa kila mwaka.

Baridi. Upepo wa huku hauna adabu.

Jumatano, 19 Novemba
Kaka Deo amepiga simu kutoka kijijini kwetu, Kate. Maksai wake mmoja amekufa. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Josho la kijiji limepasuka zamani, ng'ombe hawaogeshwi, kupe wanajifanyia watakavyo. Amebaki na maksai mmoja, na mmoja havuti plau.

Mvua zimeshaanza. Anasema watalima kwa jembe la mkono, yeye na mke wake. Wifi Anjela ana mimba kubwa.

Nilimpa pole. Nikarudi kwenye jedwali.

Jumamosi, 22 Novemba
Kate. Nimefika jana jioni. Lami iliisha, nikachukua bodaboda, nikafika na tope hadi kwenye nywele.

Leo tumelima watatu tangu alfajiri, mimi, Deo na Anjela. Mchana niligeuka kuangalia tulipotoka. Kipande kama ua wa nyumba. Mwaka jana Deo na maksai wake wangekimaliza kabla ya chai. Deo ni yule yule, na shamba ni lile lile. Amka yake haijabadilika, pengine sasa anaamka mapema zaidi. Kilichopungua ni ng'ombe mmoja.

Mama hakuwepo siku nzima. Mashine ya kusaga ya hapa ni mbovu, alikwenda kijiji cha pili na ndoo ya mahindi kichwani. Alirudi jua linazama. Siku yake yote haina safu kwenye jedwali langu.

Wakati wa kula Deo aliniuliza siku hizi ofisini nafanya nini. Nikamweleza, bila kuzunguka. Akamega ugali, halafu akauliza:

"Kwa hiyo mtu wa Dar ananishinda kufanya kazi?"

Nilimwambia hapana, tunapima thamani ya kinachotoka, hatupimi jasho. Jibu ni sahihi. Alilipokea kwa upole, akatoka kwenda kumwangalia maksai aliyebaki. Hakurudi kumaliza chakula.

Viganja vyangu vina malengelenge. Naona aibu hata kuyaandika.

Jumapili, 23 Novemba
Anjela hakuweza kwenda misa. Alikuwa akitokwa na damu. Maumivu yalianza jana shambani, akakaa kimya.

Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, Deo nyuma yake amemshika. Nesi alisikiliza tumbo muda mrefu. Mapigo ya mtoto yapo. Lakini Anjela alale, asiinue kitu, jembe asiliguse mpaka ajifungue.

Asante Mungu.

Nina hasira na sijui nimpe nani. Alilima pembeni yangu. Kila nilipojinyoosha mgongo nilimwona ameinama, nikadhani ana nguvu kunizidi.

Sasa Deo yuko peke yake. Nimeondoka nimemwacha mlangoni anatazama mawingu.

Jumanne, 25 Novemba
Nimefuta sentensi ya Bwana Mgaya. Mahali pake nimeweka slaidi ya mkulima mmoja wa Kate: akiwa na maksai wawili, akiwa na mmoja, akiwa na jembe tu. Chini yake nimeandika kuhusu josho.

Ameniita. Si mtu wa kufoka. Aliniambia nikae, akafunga mlango.

"Restituta, Dodoma watauliza kwa nini mahindi ni mengi na pato ni dogo. Tutawajibu nini?"

"Tuwaambie kila mtu ana nini mkononi anapofanya kazi."

Akasema mkulima mmoja si takwimu, na hasa akiwa kaka yangu. Amejuaje? Labda usoni. Ni kweli, na imeniuma kwa sababu ni kweli.

Nimemwondoa Deo. Nimeweka kata zisizo na josho, zisizo na mashine ya kusaga, na zile ambazo lori haliingii masika kwa hiyo mnunuzi anapanga bei anavyotaka. Taarifa zote tulikuwa nazo ofisini. Hakuna aliyekuwa amezipanga karibu na safu ya tija.

Mgaya alisoma, akasema sawa, ila niiwasilishe mimi, si yeye.

Naogopa.

Alhamisi, 27 Novemba
Kikao. Kiongozi wa wageni ni mama mmoja mtaratibu, sauti ndogo, haachi kuandika. Nilipofika kwenye safu ya mwisho alinisimamisha. Akauliza, kwa heshima kabisa, kama tatizo la huku si watu kuridhika na kidogo.

Nilijibu:

"Mheshimiwa, mkulima wa Kate mpe maksai wawili na barabara. Tija yake itapanda kabla hajabadili tabia yoyote."

Mtu akakohoa. Yule mama akaandika, akaniomba niendelee. Niliendelea, sijui hata kwa sauti gani.

Matokeo: sentensi ya kujituma imetoka. Josho limeingia, lakini kipaumbele cha pili. Maana yake fedha ikipatikana. Maana yake huenda isipatikane.

Mgaya alinifuata nje. Alisema mwaka jana josho halikuwepo hata kwenye karatasi, sasa lipo, na mwakani atalipigania lipande. Halafu akasema mama yake kule Njombe alilima kwa mkono mpaka kidole kikapinda. Sikujua. Nimekaa naye ofisi moja miaka.

Sijafarijika. Nimekasirika hadi nimeshindwa kula.

Ijumaa, 28 Novemba
Simu ya Deo. Masanja, jirani yao Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, ameona Deo analima peke yake. Atamwazima maksai mmoja aungane na wa Deo. Anachotaka ni Deo amsaidie kujenga zizi kilimo kikiisha. Deo alisema mambo haya haraka haraka, kama anayeogopa yatabadilika.

Nimeomba likizo ya wiki. Mgaya alisaini bila kuuliza niendako.

Jumamosi, 6 Desemba
Kate. Maksai wa Masanja ni mrefu, wa Deo mfupi. Siku ya kwanza nira ilikaa upande, mistari ikapinda kama njia ya mlevi. Mimi nilikuwa mbele na kamba, Deo nyuma na plau, Masanja pembeni akiwazungumzisha kwa Kisukuma. Siku mbili za kusukumana. Halafu wakazoeana, kila mmoja akapunguza ubishi wake.

Leo tumemaliza sehemu ya mahindi. Ya ulezi bado, Deo ataiweza.

Anjela anashinda kwenye mkeka mlangoni, anachambua mbegu. Mchana aliniita, akachukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto alipiga teke. Tulicheka wote wawili.

Baada ya chakula mvua ikaja, nzuri, ya kutulia. Deo aliketi kuegemea ukuta akisubiri ipungue, usingizi ukamchukua hapo hapo, miguu yote tope. Mama alimfunika khanga. Akatuashiria tupunguze sauti.