Zamu ya Mukendi

Siku ya ine, magaribi



Kila jioni mi ao Mukendi, mwenzangu wa darasa, tunatoa rota ya delko, kale kapande kanagawa moto wa injini, kwenye jeep ya chuo, ile tunayojifunzia, na kulala nayo nyumbani. Bila kale kapande moto haufiki ku mabuji, zile plagi, hakuna mutu anaweza kuiba gari. Jana ilikuwa zamu yake. Asubuhi nikasikia familia yake imefukuzwa mjini pamoja na Bakasai wengine, watu wenye asili ya Kasai, wako ku gare wanangojea treni.

Prof akasema, "Mtihani ni leo. Wende ukailete ile rota."

Mlangoni kwa gare kulikuwa vijana wenye fimbo, wale wanaofukuza Bakasai. Mama yangu naye ni wa Kasai, na katika chuo chote Mukendi peke yake anajua.

Nilimukuta amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Alitoa rota ndani ya kitambaa cha musuwara, ameisafisha.

"Nilijua utakuja," akasema. "Leo ni zamu yako." Kisha, polepole: "Usisimame hapa sana."

Jeep iliwaka. Nimepita mtihani.

Mama anauliza kwa nini sili. Rota iko hapa mezani. Kesho ni zamu ya Mukendi.