Kiuno cha mwalimu mkuu

Shoga, nimeumbuka. Natamani ardhi inimeze.

Unaikumbuka ile programu ya bure ninayoandikia vipimo vya nguo za wateja? Leo imewatumia wateja wangu wote tangazo la duka la nguo, na mfano waliouweka ni vipimo vya mwalimu mkuu. Jina, kifua, kiuno, vyote. Kiuno, shoga.

Na kumbe ruhusa niliitoa mwenyewe. Nilibonyeza "nakubali" bila kusoma.

Kabla ya hiyo, kaka alikuwa ameniwekea programu nyingine, huria, ambayo vipimo havitoki nje ya simu. Nikaifuta, eti haina sura. Nikamcheka na kumcheka.

Mwalimu katoka hapa sasa hivi. Hakufoka, bora angefoka. Kakunja kitambaa chake alicholeta nimshonee, taratibu, kakitia mkobani, kisha kaniambia, "Fundi, kiuno changu nilikuambia wewe."