Sadique anataka banda

Hafsa, acha kupika usome hapa.

Jana kaka yangu Sadique kaangalia filamu ya Kireno, kijana anaacha shule akapige gitaa la roki. Leo kaamka hataki kuchana nywele.

Halafu kamwendea baba. Kajikaza: "Baba, mimi sitaki kazi ya gesi kule Afungi. Nataka banda."

Banda, Hafsa. Kasema BANDA. Yeye anamaanisha ile ya Kireno, kundi la muziki.

Machozi yakamlengalenga baba. "Mwanangu kakua." Katoka mbio, karudi na mabati na misumari.

Sasa hivi baba yuko juu anagongelea, Sadique kashika ngazi.

Baba kamuuliza, "Utafuga kuku gani?"

Kajibu kwa kisauti, "Roki, baba."

"Hao wanataga?"